Magome Tuliyoyaita Taka

Katika karakana yetu ya ujenzi pale Kadutu, Bukavu, kazi yangu ilikuwa kupima madhara ya vitu tunavyojaza chini ya mabati ili nyumba isiwe tanuri mchana. Kila kitu kilikuwa na fishi yake, karatasi ya maelezo: kimetoka wapi, kimetumia moto au dawa gani, kikichakaa kinatupwa wapi. Sponji ya kutoka ng'ambo nilikuwa nimeipa alama mbaya. Magome makavu ya migomba kutoka Walungu yalishinda vyote. Fishi iliuliza pia magome yalikuwa na kazi gani kabla yetu. Niliandika neno moja: taka. Niliandika bila kutoka ofisini.

Wateja waliyapenda. Msimu wa pili nikatumwa Walungu kuomba mzigo mkubwa zaidi. Mjane aliyekuwa akituuzia tangu mwanzo alinipokea vizuri, akanipeleka shambani kwake.

Nilisimama ukingoni. Udongo ulikuwa uchi, umechimbwa na mvua mifereji ya kufika magotini. Mizizi ilikuwa nje. Migomba kadhaa ilikuwa imelala chini na mikungu yake michanga.

"Maman, nini imefika hapa?"

"Ni mvua," akasema. "Zamani magome na majani tulikuwa tunatandika chini. Inashika maji, inaoza, inakuwa mbolea. Sasa yote iko kwenu Bukavu."

"Kwa nini hamukutuambia?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. "Ninyi ndio mulisoma. Mulikuja mukasema ni uchafu. Nikawaza labda munajua kitu mimi sijui."

Nikakaa juu ya shina lililoanguka. Akaniuliza kwa upole kama lori litakuja Alhamisi.

Nilimwambia halitakuja. Niliporudi karakana nilifuta lile neno taka mbele ya mkubwa wangu, nikamweleza nilichokiona.

"Na ile iko kwenye depo?" akauliza, akimaanisha magome yaliyobaki ghalani.

"Tuirudishe."

Tulirudisha mzigo wote ambao ulikuwa haujakatwa kwa kujazia nyumba. Mimi na yule mama tuliutandaza siku mbili, tukiwa tumeinama. Mvua zilizofuata, udongo wa sehemu ya juu ya shamba ulishika. Ya chini, udongo ulikuwa umeshakwenda mtoni. Mama amepanda mihogo pale, na bado ni myembamba.