Nyumba ya Oliver Kwanza, Ndege Baadaye

Kwenda ng'ambo kusoma si ngumu vile watu hudai. Ngumu ni kutoka kwenu.

Walter alikuwa mwalimu wa kilimo kwa shule moja huko Kehancha, na mwaka wa tisini na sita akapata nafasi ya kusomea digrii ya pili Uholanzi. Alikuwa anaenda kusomea udongo. Wanafunzi wake walimuuliza kama hii yetu imeisha. Lakini alikuwa amelipiwa kila kitu, na kufika Agosti paspoti iko, visa iko, tikiti ya ndege ya Septemba iko. Hata koti alikuwa nayo. Alinunua Migori kwa mama wa mitumba anaitwa Mokeira, koti nyeusi, nzito, inafika kwa magoti.

"Si hii itanilemea?" Walter akauliza.

"Mwalimu, hii ilitoka huko huko kwa baridi," Mokeira akamwambia. "Ukipotea, ifuate tu. Inajua kwao."

Basi akaenda nyumbani, karibu na Asumbi, kuaga mama yake. Leonida alikuwa mama wa kanisa kabisa, rozari kwa shingo, misa hakosi. Akaangalia tikiti, akaangalia kijana wake, akauliza swali moja.

"Na simba yako iko wapi?"

Wewe wa Nairobi usikimbie, si mnyama. Simba ni ile nyumba ndogo kijana Mjaluo hujenga kwa boma ya babake akishakuwa mtu mzima. Walter alikuwa na miaka ishirini na nane na hakuwa na hata nguzo moja, kwa sababu tangu atoke chuo alikuwa anaishi kwa nyumba za shule.

"Mama, nitajenga nikirudi."

"Na usiporudi na miguu yako? Wakikuleta kwa sanduku tutakuweka wapi, kwa jikoni yangu? Mtu hana nyumba haendi mbali. Mimi sitakubariki."

Hapo ungesema, si ajenge aende? Nyumba ya matope si ghorofa. Shida haikuwa matope. Shida ilikuwa Oliver. Oliver ndiye kakake mkubwa, na kwa mila mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Ukimruka, chira, ile laana ya kuvunja mila, inakushika: unakonda, unakohoa, watu wanaanza kukuongelea na sauti ya chini. Na Oliver, miaka thelathini na mbili, kitu alikuwa amejenga ni tumbo peke yake.

Walter akamfuata Homa Bay, kwa kibanda chake cha kutengeneza redio hapo sokoni.

"Omera, ndugu yangu, jenga," akamwambia. "Wiki hii."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Nikijenga leo, kesho mama analeta msichana. Nitaamka nipate mtu simjui ananichemshia uji. Saa hii akiniuliza mke yuko wapi, mimi namuuliza, atalala wapi? Ananyamaza. Sasa unataka niharibu jibu nzuri hivyo, eti ukaangalie udongo ya Wazungu?"

Kusema ukweli, hapo Oliver alikuwa na akili.

Walter akarudi nyumbani amekasirika. Akatangaza ati hii yote ni ushamba, yeye ni mtu wa sayansi. Akachukua kamba na vigingi, akaanza kupima mahali pa nyumba yake. Kigingi cha kwanza kikaingia vizuri. Akiinama kupiga cha pili, vumbi ikamwingia, akakohoa. Mara moja tu. Akasimama, akang'oa vigingi, akakunja kamba, akaenda kunywa maji. Mtu ana digrii.

Leonida alikuwa anamwangalia kutoka kwa mlango. "Hata nguzo haijasimama," akasema, "na kikohozi imeshafika."

Kesho yake Walter akarudi Homa Bay na ile koti. Akaivaa, akafunga vifungo zote mpaka shingo, akakaa kwa stuli mbele ya kibanda ya Oliver. Kama hujawahi kukaa Homa Bay saa saba mchana, washa jiko, lifungie kwa chumba, halafu ingia na blanketi. Kila mtu alikuja na redio alisimama kwanza.

"Mwalimu, na hiyo koti?"

"Nangoja ndugu yangu ajenge ndio niende Ulaya."

"Oliver! Ni ukweli?"

"Huyo jua imempiga. Leta redio."

"Redio ngoja. Kwa nini hujengi?"

Siku ya pili Walter akakaa tena, jasho inatoka mpaka kwa mikono ya koti. Karibu na hapo kulikuwa na msichana anaitwa Phelesia, anapika samaki na ugali. Oliver alikuwa anakula kwake kila mchana bila kukosa. Hiyo siku alipokuja, Phelesia akafunika sufuria.

"Phelesia, samaki."

"Ya nani?"

"Si yangu? Ya kila siku."

"Hapa kwangu hakuna samaki ya mtu anazibia ndugu yake njia. Muangalie! Huyo ataiva kabla ya hii ugali."

"Haya ni mambo ya familia yetu."

"Sawa. Basi enda ukule kwa familia yenu."

Oliver akafunga kibanda mchana huo huo, akaenda Asumbi na njaa.

Jumamosi baba yao mdogo, kwa sababu baba yao alishafariki, akachimba shimo la kwanza, majirani wakaleta miti na nyasi. Oliver akakataa mtu mwingine apime. Alipima mwenyewe, na miguu yake. Nguzo ziliposimama watu wakabaki wanaangaliana.

"Oliver, hii ni nyumba ama ni ya kuku?"

"Mila imesema nijenge. Haijasema ukubwa."

Phelesia alikuwa amekuja kuhakikisha, vile alisema mwenyewe, kwamba hakumnyima mtu chakula bure. Akaingia kwa matope na wale wamama wengine, akaanza kukandika. Leonida akamwangalia sana, halafu akaita kijana yake.

"Haya, nyumba iko. Na mke?"

"Mama, si unaona? Nafasi ni ya mtu mmoja. Nilipima vizuri."

"Huyu ni mwembamba," Leonida akasema, akionyesha Phelesia na kidole. "Hachukui nafasi."

"Nani? Mimi?" Phelesia akamrushia Oliver donge la matope, likampata kwa kifua. "Mimi niolewe kwa kiota? Huyu abomoe ajenge tena kama mtu!"

Watu walicheka mpaka kazi ikasimama. Oliver akalala kwa hiyo kiota vile mila inataka, amejikunja kama mtoto, na asubuhi bila mtu kumwambia akaanza kukata nguzo za Walter. Hizo alikata ndefu.

Siku ya kuondoka, matope ilikuwa bado haijakauka. Walter akatoka kwa simba yake akinuka udongo mbichi. Leonida akanyunyiza maji ya baraka kwa mlango, akanyunyizia koti, akaweka mkono kwa kichwa ya kijana yake.

"Sasa enda, nyathina, mtoto wangu. Uko na mahali pa kurudi."

"Asante, mama."

"Na ukirudi na Mzungu, sitasema kitu."

"Mama!"

"Nimeangalia huo mlango. Atainama tu."