Siku Tuliyomnyima Waziri Kuku

Shule niliiacha darasa la nne, na sijawahi kuona haya kulisema. Mali yangu ilianzia soko la Tulia, kwetu Kitui, kwa ngozi za mbuzi. Nilizinunua mbichi, nikaziwamba kwa vijiti, nikazikausha, kisha nikazibeba kwa baiskeli kwenda kuziuza. Nyingine nilizifuata mpaka Mbumbuni na Matiliku, huko ng'ambo ya mto. Kwa harufu niliyorudi nayo nyumbani siku hizo, mke wangu aliniwekea kiti changu nje. Lakini mvi ya kwanza ilinikuta nina lori, duka na nyumba ya mawe. Nikasema sasa nataka ubunge. Watu walicheka sana. Mpinzani wangu mmoja alikuwa na digrii ya ng'ambo, akauliza mkutanoni, "Huyu wa ngozi ataongea nini Bungeni?" Nikampiga kwa kura mpaka akahamia Nairobi.

Bungeni nilikuta Kiswahili kimekubaliwa, na Kiswahili changu ni cha sokoni. Kinaenda moja kwa moja kwenye bei. Mawaziri walikuwa wakiona jina langu kwenye karatasi ya maswali, wanakunja uso. Niliuliza habari ya visima, niliuliza habari ya vitambulisho, niliuliza kwa nini barabara yetu inatengenezwa kila mwaka na haitengenezeki. Ila swali ninalokumbukwa nalo mpaka leo ni la zahanati.

Zahanati hiyo ilijengwa na akina mama wa mwethya. Mwethya kwetu ni kazi ya pamoja: leo tuko kwako, kesho tuko kwangu, na hakuna wa kulipwa. Wamama hao walifyatua matofali, wakabeba mchanga kutoka mtoni kwa migongo yao. Mabati nilitoa mimi. Yote. Serikali ilikuwa imesema: jengeni kuta, sisi tutaleta nesi na dawa. Tukajenga. Serikali ikaleta kufuli. Ufunguo akapewa chifu, na habari ikaishia hapo. Mama mwenye uchungu aliendelea kupelekwa Kitui mjini kwa mkokoteni wa punda, kupita kwenye mawe, na si wote waliofika wakiwa wawili.

Kwa hivyo nilisimama nikauliza: zahanati ile itafunguliwa lini?

Waziri Msaidizi, mtu mmoja mrefu, msafi, mwenye sauti ya redio, alisimama akasoma jibu lake. "Bwana Spika, zahanati hiyo inafanya kazi. Mkuu wa wilaya, DC mwenyewe, aliitembelea, akakuta wananchi wengi wamepanga foleni wakisubiri matibabu, wakiwa watulivu na wenye furaha."

Bunge zima likacheka. Mmoja nyuma yangu akasema, "Mheshimiwa, tembelea nyumbani kidogo!" Nilikaa chini masikio yakiwaka. Mimi! Mtu ambaye hata wachuuzi wa Machakos hawakuwahi kunidanganya bei.

Jumamosi hiyo sikupitia dukani. Nilienda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mwethya, mama mmoja mjane, mzee kunipita, ambaye kijiji chote tulimwita mwaitu, yaani mama yetu. Nikamkuta anachambua pojo.

"Mwaitu, DC alikuja hapa?"

"Alikuja!" Uso ukachanua. "Na tulimpokea, mwanangu, ungeona. Tulipaka zahanati chokaa. Kwaya ikaimba. Tukavaa nguo za kanisa, tukajipanga mstari mmoja kando ya ukuta ili amsalimie kila mtu vizuri, wasimsonge. Akatusalimia wote. Akala kuku wawili."

"Na mlango?"

"Mlango ulikuwa nyuma ya kwaya."

"Hakuuliza ufunguo?"

"Mgeni anakula, wewe unamletea habari ya ufunguo?"

Nilishika kichwa. Basi ndiyo hiyo foleni ya wagonjwa! Watu wetu ndivyo walivyo. Mgeni akitokea, shida zote zinafagiliwa uvunguni mwa kitanda, na unaletewa muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, uliolainika, na paja la kuku, na ukiuliza habari unaambiwa ni njema. Serikali ilikuja kuangalia shida yetu, sisi tukaificha kwa adabu, na chifu akakaa pale akikubali kila kitu kwa kichwa.

Swali nililirudisha Bungeni. Waziri Msaidizi akasoma karatasi ileile, foleni ileile, furaha ileile. Nikasimama.

"Bwana Spika, wale hawakuwa wagonjwa. Wale walikuwa wanamsalimia DC. Wa tatu kwenye foleni alikuwa mke wangu, na yeye ana afya kuliko mimi na Waziri Msaidizi tukijumlishwa pamoja. Je, Waziri anaweza kutuambia mke wangu alitibiwa ugonjwa gani?"

Hapo kicheko kilihamia upande wa pili. Hata Spika alijifuta macho kabla ya kusema, "Kimya! Kimya Bungeni!" Waziri Msaidizi akageuza karatasi, nyuma hakuna kitu. Akaahidi atakwenda kujionea mwenyewe. Magazeti yaliandika. Nakala ninayo mpaka leo, imewekwa kioo, iko sebuleni mkabala na mlango, na mgeni akikaa ni lazima aione.

Kazi ngumu ilikuwa haijaanza. Nilirudi kwa mwaitu.

"Waziri anakuja. Safari hii hakuna chokaa, hakuna kwaya, hakuna kuku."

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Umelewa?"

"Silewi, unanijua."

"Mtu atoke Nairobi na vumbi lote lile, aje kwangu, aondoke na njaa? Watasema niliolewa bila kufunzwa."

"Mwaitu, mkimwimbia, ataandika tuko sawa. Mkimpikia, ataandika tumeshiba. Nesi hatakuja."

"Chai peke yake?"

"Hata chai."

"Wewe pesa zimekuharibu," akasema. "Hukuwa mchoyo ulipokuwa unanuka ngozi."

Akapepeta pojo zilizokwisha kupepetwa. Binti yake wa mwisho alikuwa na mimba kubwa, alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Mwaitu akamtazama binti, akanitazama mimi. "Maji nitampa," akasema. "Maji siwezi kumnyima mtu."

Siku ikafika. Magari ya serikali yalikuja, vumbi likatua, na hakukuwa na mtu. Wamama wote walikuwa ng'ambo ya kibonde wanachimba matuta. Majembe yanasikika, na hakuna aliyegeuka. Waziri Msaidizi alisimama juani na suti yake, anatazama huku na huku kutafuta mkono wa kusalimia. DC anamtazama chifu. Chifu anatazama viatu.

"Wananchi wako wapi?" akauliza Waziri Msaidizi.

"Kazini, mheshimiwa," nikamjibu. "Lakini hatukuja kuwaangalia wananchi. Tufungue mlango."

Chifu alisema ufunguo ameusahau nyumbani. Nikasema tutangoja. Tukangoja, na hakukuwa na kiti, kwa sababu viti huletwa na wamama. Ufunguo ulipokuja, kufuli ilikataa mara ya kwanza kwa kutu. Mlango ukafunguka. Ndani hakuna kitanda, hakuna dawa, hata benchi. Kulikuwa na magunia ya saruji ya chifu, na ndani ya sinki, kuku wake ameatamia mayai, akatuangalia kwa jicho moja. Huyo ndiye kuku pekee ambaye Waziri alimwona siku hiyo.

Ndipo mwaitu akaja na maji kwenye kikombe cha bati. Aliinama kwa heshima akampa. Macho aliyaelekeza chini, na mimi nilijua si heshima tu. Ni aibu ya kuleta maji matupu.

Waziri Msaidizi akanywa yote. "Mama, wagonjwa wenu wanatibiwa wapi?"

Nilijua mwaitu anatamani kusema wote ni wazima, Mungu ni mwema. Miaka yote ya malezi yake ilikuwa inamwambia aseme hivyo. 

"Anayeweza kutembea anaenda mjini," akasema. "Asiyeweza, tunaye tu."

 Waziri Msaidizi alimrudishia kikombe kwa mikono miwili, akamgeukia DC, na maneno aliyomwambia siwezi kuyaandika, watoto wangu wanasoma. Akiingia kwenye gari aliniambia, "Mheshimiwa, watu wako ni wakavu." Nikamwambia asante.

Nesi alikuja mvua za mwaka huo zilipoanza, msichana kutoka Nyeri, mwenye maneno machache. Lori la dawa lilifuata nyuma yake likakwama kwenye mchanga wa mto, maji ya mafuriko yakiwa yameanza kuteremka. Wamama walifika kabla hata sijatuma mtu, wakafunga masanduku kwa kamba, mkanda kwenye kipaji cha uso, wakapanda nayo mlimani, kwenye zahanati. Binti wa mwaitu hakuwemo. Alikuwa tayari kule juu, uchungu umemshika, na nesi alikuwa pamoja naye.

Mimi nilikuwa na suti. Nililivua koti, mbunge mzima, nikajitwika sanduku nikapanda, na watu wananiona. Kule juu mwaitu akalipima kwa mkono mmoja.

"Hili ni la pamba," akasema. "Ndilo jepesi kuliko yote. Rudi ulete lingine."

Nikarudi.