Kidole cha Fundi Pandu

Pandu alikuwa fundi viatu pale Isipingo, Durban, Afrika Kusini, karibu na stendi ya taxi. Kwao ni Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Utotoni mwake, enzi za chama kimoja, kupiga kura kulikuwa kunyoosha mkono uwanjani huku wakubwa wakitazama. Baba yake alichelewa kunyoosha wake, akaitwa ofisini, na aliporudi akawa mtu wa kunong'ona mpaka kufa.

Ndiyo maana Pandu, mwenye haya hata ya kumtazama mteja usoni, alijiunga na jumuiya ndogo ya Wamsumbiji wa Durban iliyofundisha watu kura ya siri. Kila Jumapili ya Septemba 2014 alizunguka vyumba vya watu na karatasi ya kura ya mfano.

"Ukishapiga, kidole kinachovywa wino," alisema. "Mwenye wino haingii tena, hata akiwa ndugu yangu."

Siku moja kabla ya uchaguzi wa Msumbiji, ambao wao wangepigia kura hapo hapo Durban, wanafunzi wake wakamletea viatu vyao. Hakuna aliyetaka kufika kituoni kama mtu aliyefukuzwa kwao. Pandu alipaka rangi nyeusi jozi kumi na moja, bure, kwa kidole, maana brashi haifiki kwenye mshono. Baadaye akakisugua kwa sabuni, kwa petroli, kwa mchanga. Wapi!

Asubuhi alisimama foleni kwa saa tatu nzima. Alipofika mezani, wakala wa mgombea mmoja akamdaka mkono.

"Mzee, wewe ushapiga."

"Ni rangi ya viatu, bwana. Mimi fundi."

"Na mimi rubani." Watu wakacheka.

Mwangalizi wa jumuiya siku hiyo alikuwa Clementina, muuza nyanya, mmoja wa wale aliowafundisha. Akainua mguu. "Tazameni kiatu changu. Rangi ni hiyo hiyo! Na jina lake kitabuni halijatiwa alama."

"Mwangalizi kazi yake kuangalia," wakala akasema, "si kutetea mwalimu wake."

Msimamizi alifikicha macho. "Eish. Nikimruhusu huyu, jioni mtasema kura za hapa zote zimeibiwa."

Wakala akaanza kupaza sauti. Pandu akageuka. Nyuma yake foleni ilifika barabarani, na ndani yake jozi zake nyingine kumi za viatu zikingoja. Kelele ikizidi, kituo kitafungwa.

"Basi, dada," akamwambia Clementina. "Iandike kwenye fomu yako. Waache hawa wapige."

Akatoka. Alikaa ukingoni mwa barabara hadi wa mwisho wao alipotoka, ndipo akapanda taxi.

Ndani, mama mmoja wa Nampula alimwonyesha kidole chake cheusi, akakitazama na cha Pandu, akatabasamu.

"Na wewe umepiga, kaka! Hongera."

Ingekuwa rahisi kuitikia. Pandu alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Sijapiga, mama," alisema. "Hii ni rangi ya viatu."

Mama akacheka sana, akampiga begani kama mtu aliyesimuliwa kichekesho. Pandu akauingiza mkono mfukoni.