Pikipiki Iliyoishi Sebuleni

Nilianza kutafuta pikipiki yangu wiki ile mbuzi alipokula kitenge changu. Nilikuwa natoka Baraka kwenda soko la Lweba, nimekaa nyuma ya motari, yaani mwendesha pikipiki wa kukodi, na mzigo wangu wa vitenge nimeupakata. Katikati ya njia motari akasimama, akampandisha nyuma yangu mwanaume mmoja mwenye mbuzi. Nikamwambia hatutatoshea.

"Songa kidogo, mama," akanijibu bila kugeuka. "Mbuzi haina mifupa mingi."

Tukaenda hivyo, mwanaume yule kampakata mbuzi wake, na mbuzi kapitisha kichwa chini ya kwapa langu. Mimi nilidhani ananusa tu. Tulipofika sokoni nikafungua mzigo, na kile kitenge kizuri kuliko vyote, chenye ndege wa bluu, kilikuwa na ndege mmoja aliyebaki miguu tu. Mwenye mbuzi alikitazama kwa makini. Kisha akaniambia nisihuzunike, kwa sababu mbuzi wake huwa hagusi kitu cha hovyo.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba nataka pikipiki yangu mwenyewe, niende masoko yangu bila mbuzi wa mtu. Yeye ni fundi wa boti hapa ufukweni Baraka, mtu mkubwa wa mwili, na ziwani hakuna kitu anachokiogopa. Lakini tangu nimjue alikuwa hajawahi kupanda pikipiki. Akiitwa kwenye msiba huko Fizi mjini, juu mlimani, anaondoka alfajiri kwa miguu na kufika wakati watu wanakula.

"Mama, we uko na akili?" akaniuliza. "Mu maji mutu anaanguka pale laini. Barabara iko na mawe!"

"Mi sitaanguka."

"Boti pia hazipangake kuzama," akasema, akaendelea kula.

Nilianza na pikipiki mpya, zile zinazopangwa mbele ya maduka zikiwa bado na plastiki kwenye viti. Muuzaji kwanza alitazama viatu vyangu, ndipo akanitajia bei, na kwa jinsi alivyoitaja nilielewa kwamba viatu vilikuwa vimeshamjibu. Hata hivyo aliniruhusu nikae juu ya moja, bure, nijaribu. Mimi ni mfupi. Miguu yangu ilining'inia huku na huku kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa.

"Utazoea, mama," akanifariji. "Utarefuka."

"Mi niko na bajukuu," nikamwambia. Akanisaidia kushuka.

Basi nikageukia zilizotumika. Habari ilishafika kwa bamotari wote, na ikawa kila mwenye pikipiki anayotaka kuachana nayo ananisalimia kwa upendo. Wa kwanza aliniletea moja nyekundu, nzuri machoni, ila ilikuwa haiwaki mpaka iwe inateremka.

"Na hapa Baraka mulima iko wapi?" nikamuuliza, maana mji wetu umelala sawasawa na ziwa.

"Iko Fizi."

"Na mi nitafika Fizi na nini?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hiyo njo shida yake," akasema.

Wa pili, nilipomuuliza kuhusu breki, alinijibu kwamba mtu anayejua kuendesha hana haja ya breki. Wa tatu pikipiki yake ilikuwa na kioo cha pembeni safi sana. Nilikigusa tu nijione, kikabaki mkononi mwangu, na mwenyewe akataka nimlipe. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa. Mume wangu akapiga mbao zake siku hiyo akiimba.

Na ni yeye mwenyewe aliyejiletea balaa. Mteja mmoja aliyetoka Ubwari, ile rasi ndefu ng'ambo ya ghuba yetu, akaja kuagiza boti, alimweleza kwamba kijijini kwake kuna mzee mfanyabiashara anayeuza pikipiki. Ni fupi, haijachoka, na bei yake ni ya chini. Mume wangu alinihadithia hilo kama kichekesho.

"Wazia tu, mama, piki mu Ubwari! Kule batu banaendaka na boti. Piki itapita fasi gani?" Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilimuuliza boti linaondoka saa ngapi. Akaacha kucheka.

Alinisindikiza, kwa kuwa safari ilikuwa ya maji na kwenye maji hawezi kukosa. Kijiji chenyewe kimebanwa kati ya mlima na ziwa: nyumba, msikiti mdogo, na kijia kimoja cha mchanga kinachopita mbele ya nyumba hadi pwani. Mke wa yule mzee ndiye aliyetupokea. Tulipomwambia tumefuata pikipiki, aliinua mikono yote miwili juu na kumshukuru Mungu kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

Pikipiki ilikuwa sebuleni. Ilisimama kati ya viti na kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, na kwenye usukani palifungwa maua ya plastiki. Mzee akatoka chumbani amevaa kanzu safi, akaketi karibu nayo kama mtu anayetutambulisha kwa mtoto wake.

"Zamani banasema njia itafika mpaka huku," akatueleza. "Mi nikajisemea, njia ikifika, inikute niko tayari."

Njia ilikuwa haijafika. Basi mzee alikuwa akiiendesha siku ya Ijumaa tu, kutoka mlangoni kwake hadi msikitini, umbali ambao mtu anaweza kumwita mwenzake bila kupaza sauti. Kwa kuwa kijia ni chembamba na hakuna pa kugeuzia, baada ya sala waumini waliinyanyua, wakaielekeza nyumbani, naye akarudi. Maharusi wote wa kijiji walipigwa picha juu yake.

"Mi nimepangusa hii piki kuliko nilipangusa batoto," mkewe akasema. "Sasa binti yetu anaolewa. Bageni batakaa wapi? Juu ya piki?"

Niliomba niketi. Miguu yangu ikagusa sakafu, yote miwili, nyayo nzima. Nilibaki pale juu, na nadhani nilitabasamu, kwa sababu mume wangu aliyeniona akatazama pembeni kwa huzuni.

Bei tuliizungumza muda mfupi sana, maana kila mzee alipotaja kiasi, mkewe alikipunguza. Ila mzee alikuwa na sharti lake moja.

"Mi siuzie mutu kifo," akasema. "Mama, endesha kwanza mpaka ku musikiti. Ukifika, iko yako."

Tukaitoa nje. Kijiji chote kilikuja. Mzee akanionyesha pa kupiga teke ili iwake, mkono wa kulia wa kuongeza moto, mkono wa kushoto wa kubana kabla ya kuingiza vitesi, yaani gia, kwa mguu. Nikamuuliza baada ya vitesi ya kwanza natakiwa kufanya nini.

"Baada ya hapo unafika."

"Nauliza zile zingine, mzee. Hii piki si iko na vitesi ingine?"

Akajivuta kanzu. "Banasema ziko," akajibu. "Mi sijawahi kufika huko."

Niliwasha. Niliachia mkono wa kushoto ghafla, pikipiki ikaruka kama imechomwa sindano, ikazima. Watu wakapiga makofi. Nikarudia, ikaruka tena, ikazima. Mume wangu alikuwa akinipa maelekezo kutoka nyuma ya mti wa mchungwa, mbali kidogo na njia, na maelekezo yenyewe yalikuwa kwamba tuondoke. Mara ya tatu nikaachia mkono polepole, na ndipo ikaondoka.

Siwezi kueleza furaha ile. Nyumba zilipita. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika muhogo alinipungia mkono, nami kwa ujinga nikampungia. Msikiti ukaja upande wa kulia, nikauona vizuri, nikasikia mzee akipiga kelele "Umefika! Umefika, mama!" Mimi pia nilijua kwamba nimefika. Kilichonipotea ni namna ya kusimama. Mkono wangu wa kulia, badala ya kulegea, ulikaza kwa woga, na kila nilivyoogopa ndivyo pikipiki ilivyokwenda.

Msikiti ukapita. Kijia kikaisha. Ukaja mchanga, wakaja bamama waliokuwa wakifua nguo, wakakimbia kila mmoja upande wake na beseni lake, na mimi nikaingia Ziwa Tanganyika. Maji yalifika magotini, injini ikakohoa, ikanyamaza. Sikuanguka. Nilibaki nimekaa wima juu ya pikipiki, nimeshika usukani, nikitazama Baraka ng'ambo kama mtu anayesubiri njia ifunguliwe.

Mama mmoja kati ya wale waliokuwa wakifua aliniuliza kwa heshima kama ninaendelea na safari.

Mzee alikuja akikimbia, kanzu ameikunja mkononi. Nilijua sasa atakataa. Nilikuwa nimeshaanza kuomba msamaha aliposimama majini kando yangu, akitweta, akatazama nyuma kule tulikotoka, akatazama mahali nilipo.

"Mama," akasema, "umefika mbali kuliko mi mwenyewe."

Akaniuzia.

Ilitolewa majini, ikafutwa na mkewe kwa mara ya mwisho, ikakaushwa juani. Kabla ya kuipakia, wanakijiji wakataka picha: kwanza mabinti, kisha shangazi zao, kisha imamu aliyekuja kuona kuna nini akasukumwa naye apande. Nahodha wa boti alipiga kelele hadi sauti ikamwisha, halafu naye akapigwa picha.

Hapo kwenye kupakia ndipo mume wangu alipopata uzima wake. Aliagiza mbao, akaagiza kamba, akawapanga wanaume, akaipandisha pikipiki kwenye boti taratibu na kuifunga katikati imara kuliko injini ya boti yenyewe. Lakini boti lilikuwa limejaa watu, magunia ya ndagala, yaani dagaa, na kuku, na alipomaliza kufunga hapakuwa na mahali pa kukaa. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma. Nahodha akamwonyesha kiti cha pikipiki.

Alivuka ghuba nzima amekaa juu yake. Upepo ulivuma, boti likainuka na kushuka, abiria wakashika kingo na kusali, na mume wangu kakaa pale juu mikono kwenye usukani, ametulia, akimshauri nahodha. Kuna wakati alipiga honi. Honi ilikuwa bado nzima. Kuku wote wakaamka.

Tuliposhuka Baraka nikamwambia, "Unaona, papa, umepanda piki."

"Nimepanda boti," akanijibu.

Vitesi ya pili niliijua kwenye uwanja wa mpira. Alinifundisha mmoja wa bamotari, yule wa pikipiki ya kuteremka, na alinifundisha vizuri, ijapokuwa kila nilipopumzika alinikumbusha kwamba yake bado inauzwa. Ya tatu niliifikia kwenye barabara ya kuelekea Mboko, nikaogopa, nikarudi kwenye ya pili nikakaa huko mwezi mzima. Kusimama nilijifunza mwisho, na mpaka leo kuna mama anayeuza mikate kando ya njia ambaye akinisikia naja husogeza meza yake kwanza, ndipo ananisalimia.

Kisha akafariki mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu huko Fizi. Mimi nilikuwa nimeshapanda mlima ule mara nyingi na vitenge vyangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia ya miguu imekuwa utelezi mtupu, na yeye goti lilikuwa likimuuma. Nilitoa pikipiki nje, nikaiwasha, nikangoja. Akatoka na koti lake la msiba. Akaizunguka. Akaigonga tangi kwa kidole jinsi anavyogonga mbao kusikia kama zimeoza. Mwishowe akapanda, akanishika kiunoni kwa nguvu mpaka nikashindwa kupumua.

"Papa, niachie kidogo."

"Hapana."

Alifumba macho kabla hatujapita nyumba ya jirani. Hakuona Baraka ikiisha, wala ziwa linavyobaki nyuma chini kadiri unavyopanda, kitu ambacho mimi hukipenda sana. Lakini mtu wa maji ni mtu wa maji: kila tulipoingia shimoni aliinuka kidogo na kuketi tena kama anavyofanya kwenye mawimbi, na kwa kumfuata yeye nikagundua kwamba mgongo hauumi. Kila kona alikuwa akiniuliza kwa sauti, "Upepo unatoka wapi?" Mimi nilikuwa namjibu ili asiongee zaidi.

Tulifika Fizi watu bado hawajaenda makaburini. Ndugu zake walitoka kututazama, kwa sababu walizoea kumwona wakati wa chakula. Alishuka taratibu, mguu mmoja kisha mwingine, akasimama, akanyoosha koti. Wakamletea kiti na chai. Alikunywa nusu kikombe, ndipo akaniinamia sikioni.

"Mama, kurudi Baraka, hakuna kamuto ka maji kanateremka mpaka ku ziwa?"

"Hakuna ka kubeba boti, papa."

Akatikisa kichwa, akamalizia chai, akaomba nyingine.