Samaki Kwanza, Chipsi Baadaye

Enzi zetu pale Mikindani, Kiingereza kilipita barabarani. Najua mtacheka kumsikia mtu ambaye hata thelathini hajafika akisema enzi zetu. Lakini nyinyi mliokaa nami juu ya ule ukuta mfupi nyuma ya nyumba za kupangisha mnanielewa. Jioni tukitoka chuo cha Kurani, juzuu kwapani, tulijipanga pale kama kunguru, miguu ikining'inia, mabuyu mdomoni, midomo myekundu. Chini yetu yalipita malori ya kwenda bara, na harufu yao ya mafuta iliingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa.

Mchezo wetu ulikuwa kusoma migongo ya malori. Lori likishatupita, wa kwanza kuyasoma maandishi ya nyuma alipaza sauti, na lori likawa mali yake. "Long vehicle! Langu!" "Keep distance! Langu!" Mdogo wangu Athumani alikuwa tajiri wa malori ya mafuta, maana "No smoking" aliiona toka mbali. Hakuna aliyesoma herufi kwa herufi. Lori halingoji. Uliyameza maneno yote kwa mkupuo mmoja, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake kabla hujauona uso. Mimi, ambaye kwa haya zangu hata shikamoo niliitoa kwa mnong'ono, pale ukutani nilikuwa na sauti.

Darasani sauti hiyo ilipotea. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitaka tusome huku tukigusa kila neno kwa njiti ya fagio. Nikifika neno la tatu, la kwanza limeshanitoka. Wenzangu waliweza kulala na kuamka kabla sijamaliza mstari. Jumatatu moja mwalimu akatangaza: atakayeshindwa kusoma ukurasa mzima mbele ya darasa siku ya Ijumaa, Kiingereza atarudi kukisomea darasa la tatu.

Darasa la tatu ndiko alikokaa Athumani.

Habari zilimfikia kabla hatujafika nyumbani. "Dada, usijali," akaniambia mbele ya watu, "nimeshakufutia vumbi kwenye dawati langu. Utakaa upande wa dirishani."

"Nyamaza wewe!"

"Ila penseli uje na yako."

Nililia jikoni, Mama akichoma mahamri ya kuuza asubuhi. Kiingereza hakukijua, wala hakujifanya kukijua. Alinitazama, akauliza, "Mtu akikwambia mahamri, wewe wangoja nini?"

"Mbaazi."

"Mbona hungoji kachumbari? Basi na hayo maneno ya Kizungu yana jamaa zao. Yatazame yanavyotembea pamoja, usiyakatekate kama nyama ya sambusa. Haya, futa kamasi, unipe lile beseni."

Tangu siku ile nilikisoma kitabu kama nilivyoyasoma malori. Njiti niliiweka kando, macho nikayaachia. Nikaanza kuwaona jamaa. "Once upon a time" lilikuwa trela refu, "a cup of tea" kigari kidogo nyuma yake. Nikiona kichwa, mkia nimeshaujua.

Ijumaa nilisimama mbele ya darasa. Hadithi ilikuwa ya watoto wawili waliokwenda mjini na baba yao. Mwalimu aliona sina njiti, akafungua mdomo kunikemea, lakini nilikuwa nimeshaanza na sikuthubutu kukatisha. Nikateremka na ukurasa mpaka watoto wakaona njaa, wakaingia hotelini, wakala "fish and chips".

"Hapo hapo," mwalimu akasema. "Rudia."

"Fish and chips."

"Tazama kitabu!"

Nikatazama. Kitabu kilisema "chips and fish". Macho yangu yalikuwa yameyapanga yenyewe, kwa sababu "fish and chips" iliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye hoteli iliyoelekeana na ukuta wetu, nami niliiona kila jioni. Darasa likaangua kicheko. Nikaliona lile dawati, upande wa dirishani.

Mwalimu hakucheka. Alikichukua kitabu, akausoma mstari kimya kimya, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Hata mimi ningeteleza hapa," akasema. "Mwenye kuokota neno mojamoja hawezi kukosea hivi. Huyu Kiingereza kimeanza kumkaa. Riziki, kaa mahali pako, binti yangu. Ila samaki wa kitabu hiki mwache aje nyuma."

Nikakaa. Wallahi, sijawahi kuupenda ubao mgumu wa kukalia kama nilivyoupenda ule.

Athumani alinuna mpaka magharibi. Kumbe lile dawati alikuwa amelifuta kweli. Jirani yake alikuwa mtoto wa mabavu, akimsukuma kwa viwiko kutwa nzima, na mdogo wangu alishajipigia hesabu kwamba dada akija, yule atahama.

Siku hizi ukuta umevunjwa, barabara imepanuliwa, na watoto wako ndani na simu. Binti wa dada yetu mkubwa akiandika neno moja, simu humletea la pili na la tatu, yeye kazi yake ni kubonyeza. "Mamdogo, mbona waandika polepole hivyo?" huniuliza. Namwambia sisi neno la pili tulilikimbiza barabarani. Hunitazama kama niliyezaliwa enzi za Mreno.

Anasema kweli, naandika polepole. Shule niliishia darasa la nane, na haya yamenichukua jioni kadhaa. Sina uchungu. Nikiona Kiingereza kwenye karatasi ya dawa au mlangoni mwa ofisi, macho bado hutafuta jamaa kwanza, na mara nyingi huwapata.

Athumani sasa anaendesha lori la mafuta, anakwenda bara na kurudi. Akipita hapa hupiga honi, nami hutoka mlangoni kuusoma mgongo wa lori lake mpaka upotee. "No smoking" bado ni yake. Akifika Mariakani, akishaegesha, hunipigia simu. Hana salamu ndefu.

"Dada," huniambia, "nafasi ya dirishani bado ipo."