Alama Tatu Chini ya Mpini

Mume wangu alipoanza kuvua samaki, kaka zangu walinicheka mpaka nikaacha kuwatembelea. Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu ukisikia fulani siku hizi anakula samaki, ujue hasifiwi, inasemwa amefilisika. Na kweli tulikuwa tumefilisika. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wake wote upande wa Ijara, akaja kukaa nami mjini Garissa, ambako nafundisha shule ya msingi. Kutwa alikuwa akizunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku aliposhuka mtoni Tana akarudi na kambare mmoja, nilimpikia. Kaka zangu niliwaambia huyu ni mume wangu, hiki ni chakula halali, na asiyekitaka asile. Nilimtetea. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Mwanzoni alivua kwa mshipi wa mkononi, lakini mshipi wa mkononi unataka mtu asimame karibu na maji, na Tana ina mamba. Mamba mmoja alimnyakua mbuzi hatua chache kutoka alipokuwa amesimama. Tangu hapo akataka fimbo ndefu, ili avue akiwa juu ya ukingo. Alinunua mwanzi sokoni, ukavunjika kwa samaki wa kwanza mzito. Akajaribu upongoo wa mkoma, ule uti mgumu wa jani lake, ukapinda na haukurudi. Fimbo nzuri, alinieleza, hukubali kupinda kuanzia katikati, kisha hurudi yenyewe. Ikiwa ncha ndiyo inayofanya kazi peke yake, hiyo ni fimbo ya kukuaibisha mbele za watu.

Basi jioni moja nikarudi kutoka shuleni nikamkuta uani na ufito mrefu, mweusi-mweusi, mgumu, tayari ameupara na kuupaka vanishi. Akaukamata huku na huku, akaupinda, ukarudi. Alikuwa anacheka, na mimi sikuwa nimemwona akicheka tangu ng'ombe wafe. Nilimuuliza ameutoa wapi, akasema kuna mzee wa Ijara anayeikata miti hiyo na kumletea kwa lori la mbuzi.

Nilifurahi. Mpaka leo naona haya nikikumbuka nilivyofurahi.

Tukawa mafundi, mimi na yeye. Yeye alipara na kupaka vanishi ya kwanza. Mimi, kwa kuwa nina mkono wa kushona, nilifunga pete za kupitishia mshipi. Pete alizikunja kwa spoku za baiskeli, nami nikazifunga kwa uzi wa nailoni, mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana, kisha vanishi tena juu yake. Mpini tuliuvika vipande vya kandambili kuukuu, vilivyokatwa mviringo, vikatobolewa na kusukumwa kimoja baada ya kingine. Gurudumu la kukunjia mshipi, ambalo kila mtu hapa analiita mashine, alilipata katika mitumba kule Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi. Mashine hizo zilifika zimejaa mchanga. Nilijifunza kuzifungua, kuziosha kwa mafuta ya taa, kuzikausha na kuzitia tone la mafuta ya cherehani. Tope la Tana ni laini kama unga, linaingia kila mahali, na mashine isiyooshwa kila wiki huanza kulia kama punda.

Habari zikaenea. Walimu na maofisa waliohamishiwa huku kutoka bara wakaja kuagiza. Mmoja wao, mwalimu mwenzangu, aliuliza mbele yangu kama miti hii inapatikana kwa urahisi. Mume wangu akamjibu kwa Kiswahili chake: "Hii miti natoka Ijara, walahi. Mzee moja huko nakata, naleta kwa lori." Nami nikatikisa kichwa kama shahidi.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Fito zile zilikuwa na tabia ya kujikunja. Ungeiacha fimbo juani siku mbili, ungeikuta imeanza kuinama, zote kwa namna moja. Kazi ya kuzinyoosha ilikuwa yangu. Niliziloweka kwa vitambaa vya maji, nikazipasha juu ya jiko, nikazifunga kwenye nondo za dirisha na kuzining'inizia mawe. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikaa pale nikisukuma na kusugua kwa msasa, nikishangaa ni mti gani huu mkaidi. Nilimwambia mume wangu kwamba mzee wake anakata miti iliyoota vibaya. Alisema atamwambia.

Mwaka huo binti yetu akachumbiwa na kijana wa Ijara. Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa sababu kila mtu analijua. Nyumba ni ya mwanamke. Namaanisha nyumba ya kuhama, ile ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, inayobebwa na ngamia. Fito zake, tunaziita dhigo, mama huzitengeneza kwa miaka: huzichimba, kwa kuwa ni mizizi, huzikunja zingali mbichi, huzifunga zishike upinde, kisha moshi wa nyumba huzikomaza. Siku ya harusi humpa binti. Mume hana ufito hata mmoja. Akiwa ndani ya nyumba ile, yeye ni mgeni. Siku hizi mjini tunakaa kwenye mabati, lakini harusi bado haiendi bila nyumba hiyo. Husimamishwa uani siku saba, kisha hufungwa tena. Mama yangu alinipa zake, na ameshafariki. Fito zilikuwa zimefungwa kwenye mkeka chini ya paa la nyuma ya jikoni, zikimngoja binti yangu. Niliupita mzigo ule kila siku. Ulikuwa mnene kama siku zote, basi sikuwa na sababu ya kuufungua.

Zikiwa zimebaki wiki mbili tufanye harusi, yule mwalimu mwenzangu alileta fimbo yake. Mpini ulikuwa unacheza. Mume wangu alikuwa mtoni, nikaona ni kazi ndogo, nitaimaliza kabla hajarudi. Nilivivuta vile vipande vya kandambili, nikaanza kukwangua gundi. Harufu ndiyo iliyotangulia. Moshi, na ubani ndani yake, harufu ya nguo za mama yangu. Nikadhani ni mawazo ya harusi. Kisha kisu kikafika mwisho wa ufito, nikaona alama tatu zilizochomwa kwa chuma, fupi, sambamba, ya katikati imepinda kidogo.

Kila mwanamke huchoma alama yake kwenye mguu wa ufito, ili familia kadhaa zikihama pamoja nyumba zisichanganyike. Hiyo ilikuwa alama ya mama. Kwenye fimbo nyingine mume wangu alikuwa ameikata miguu hiyo. Hii aliiacha, pengine ilikuwa fupi, akaona kandambili zitaficha.

Nilikwenda nyuma ya jikoni nikaushusha mzigo peke yangu na kuufungua. Fito za juu, zile zinazoonekana, zilikuwa za mama. Ndani mume wangu alikuwa amejaza mianzi na matawi ya mathenge, ule mti wa miiba uliojaa kila mahali, yaliyokatwa kwa urefu sawasawa, akayafunga vizuri, fundo langu lile lile. Nilikaa chini. Sikulia kwanza, niliitazama mikono yangu. Mama alitumia misimu mingi kuzikunja fito zile. Mimi nilitumia jioni zangu zote kuzinyoosha, nikimlaani aliyezikata.

Aliporudi na samaki wake nilikuwa bado nimekaa pale, matawi ya mathenge yametapakaa. Aliutazama mkeka, akaweka ndoo chini polepole. Nilimuuliza kwa nini hakuniomba hata ufito mmoja.

"Zilikuwa zimelala tu," akasema. "Nani atahama tena? Ng'ombe wako wapi?"

"Na binti yako?"

Aliinama akaokota tawi moja la mathenge. Kisha akasema neno ambalo ningependa asingelisema: "Mbona wewe mwenyewe ulizisugua kwa mkono wako, na hukuzijua."

Ilinichoma kwa sababu ni kweli. Nilimwambia kwamba mimi sikumdai mume ng'ombe, sikumdai nyama, niliwakosa kaka zangu kwa ajili yake, na yeye ameniibia nyumba huku akinifundisha kuifuta harufu. Samaki walipikwa na jirani siku ile.

Mwalimu mwenzangu nilimwambia fimbo yake ina ila, nitamtengenezea nyingine ya mwanzi mzuri. Wengine sikuwa na uso wa kuwaendea. Mapengo niliyaziba kwa fito nilizoazima kwa majirani na kwa yale yale matawi ya mathenge, maana binti hakujua lolote, na sikutaka aolewe na habari hiyo moyoni. Siku ya kusimamisha nyumba, wanawake wakiimba uani, niliuchukua ufito wenye alama tatu, nikauweka juu ya mahali pa kulala. Mashine nilikuwa nimeitoa. Pete sikuzitoa. Baada ya jioni zote zile za mawe na moto, ufito uliingia kwenye upinde wake bila hata kuusukuma.

Mume wangu aliinama akaingia kutazama, kama baba wa bibi harusi anavyopaswa. Binti alikuwa ndani, amenyanyua kichwa, anazigusa zile pete za spoku.

"Hooyo, hizi ni za nini?" akaniuliza mimi mama yake.

Nilimtazama baba yake. Alikuwa anatazama mkeka.

"Aliziweka bibi yako," nikasema. "Za kutundikia kibuyu cha maziwa."

Binti alifurahi sana. Alikwenda kuleta kibuyu akakitundika hapo hapo, akasema bibi alikuwa mtu wa akili. Na mimi nikamsikia mume wangu akishusha pumzi. Fito nimeanza kumsamehe. Ile pumzi bado.