Uwanja wa Ndege Wenye Matuta

Mwaka wangu wa mwisho chuo kikuu, nikisomea uhandisi wa ndege, nilifungua mdomo pale ambapo mwenye akili angenyamaza. Mhadhiri wetu alikuwa akitafuta mahali pa kurushia ndege ndogo isiyo na rubani niliyoiunda muhula mzima, ipige picha za mmomonyoko wa udongo vilimani. Nikasema kwetu Kilungu kuna vilima mpaka vinachosha. Basi tayarisha kiwanja, akasema: mita sitini, kipana kama barabara, safi.

Karakana moja ya Nairobi inayounda ndege kama hizo ilikuwa imetuazima mota na kamera. Ndege yangu ikipaa na kurudi salama, wangenichukua kazi. Isipopaa, ningerudia mwaka. Kibali cha kuruka kilikuwa cha siku moja tu.

Nilimpigia mama simu. Yeye ndiye kiongozi wa mwethya kijijini kwetu, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Nikampa vipimo. "Hiyo ni kazi ya siku mbili," akasema. "Wewe kuja tu na ndege yako."

Tulifika asubuhi kwa gari la chuo. Kiwanja, juu kidogo ya shamba letu la pojo, kilikuwa kimefyekwa kikafyekeka, hata kisiki hakuna. Na kilikuwa kimekatwa mara mbili, ukingo hadi ukingo, kwa mitaro ya fanya juu iliyopimwa vizuri, udongo umerushwa upande wa juu, na nyasi zimeshapandwa juu ya tuta.

Mhadhiri akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Mama, si nilisema pawe wazi?"

"Si ni wazi? Lakini mchanga ukiachwa uchi hivi, maji ikikuja itapita wapi? Sisi si wajinga."

Akina mama wakacheka, wakingoja kupongezwa. Mtu wa vilima vyetu haachi mteremko mtupu bila tuta. Afadhali alale mlango wazi. Nililijua hilo tangu nikibebwa mgongoni, na kwenye simu sikulitaja. Kosa lilikuwa langu, nami nikawakasirikia wao.

Mhadhiri akasema kwa upole kwamba mitaro ifukiwe. Kuwaambia wanawake wale wafukie mitaro ni kama kuwaambia wamwage unga. Mbele yangu mhadhiri anatazama saa, nyuma yangu watu kumi na wanne na majembe yao, na hakukuwa na upande wa kukimbilia.

"Mama, naomba tufukie."

Alisimika jembe lake chini. "Tukiacha hivi, utarudia mwaka?"

"Ndio."

"Fukieni," akawaambia wenzake.

Mwethya hufanya kazi kwa kuimba. Siku hiyo hawakuimba. Nilichukua jembe nikafukia pamoja nao, na hakuna aliyenitania kwamba mikono yangu imekuwa laini.

Ndege ilipaa. Ilizunguka kilima mara tatu na kushuka bila mkwaruzo, na mhadhiri akanipa mkono mbele ya watu wote. Nilifurahi, sitadanganya.

Mvua ilianza siku nne baadaye, kabla zamu ya mwethya haijarudi kwetu ili mitaro ichimbwe upya. Nilipopiga simu mama alisema, "Imenyesha vizuri sana." Karakana ikaniajiri. Kazi yangu ni kupokea picha zinazopigwa na ndege za chuo na kupima udongo uliopotea.

Baada ya miezi miwili chuo kilirusha ndege tena Kilungu, na picha zikaletwa mezani kwangu. Korongo lilianzia palepale tulipofukia, likapasua shamba la pojo la mama katikati, likaishia karibu na choo. Nikapima, maana ndiyo kazi. Kina chake kingenifika kiunoni. Mhadhiri alikuwa ameandika chini ya picha hiyo kwamba ni bora kuliko zote tulizowahi kupata.

Siwezi kuiacha kazi hii, kwa sababu shamba lile ndilo lililoilipia. Na siwezi kuifanya bila kuliona.

Nikampigia mama, nikamuuliza pojo zinaendeleaje.

"Ziko sawa," akasema. "Wewe chunga kazi yako."

Nikasema sawa mama, nikafungua picha inayofuata.